Kilichozikwa Mlangoni

Kwa maelezo ya Mama Alliance wa ghorofa ya chini, ilikuwa usiku. Perpétue alitoka amejitanda kitambaa cheusi hadi usoni, akapiga magoti kando ya mlango wa jengo, akachimba mashimo saba, na katika kila shimo akatia kitu huku midomo ikimchezacheza. Kisha akafukia, akakanyaga mara tatu, akaingia ndani bila kugeuza shingo.

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili," aliwaambia watu wa kikundi cha sala. "Na juma lile lile, mwanangu akateleza pale pale mlangoni. Mguu, vipande viwili!"

Mguu ulivunjika kweli. Mengine yalikuwa na chumvi. Ilikuwa saa kumi alasiri, mwezi wa Novemba, na huku Märsta, Sweden, jua lilikuwa limekwisha kwenda zake. Kitambaa cheusi kilikuwa kofia ya kazini. Midomo ilikuwa ikihesabu. Na vilivyozikwa ni vitunguu vya maua alivyopewa na Anton, mwenzake wa usafi kule uwanja wa ndege. "Vizike kabla ardhi haijaganda," Anton alimwambia, "halafu visahau mpaka theluji iyeyuke."

"Ni maua," Perpétue aliwaambia.

Watu wakaangua kicheko. "Maua, ma sœur? Kwenye barafu, dada?"

Mzee Sébastien, kiongozi wa kikundi, alikuwa na sauti ya upole iliyozoea kutiiwa. "Binti yangu, mimi sikuhukumu. Fukua mbele yetu, tukuombee, yaishe. Ni jambo la dakika kumi."

"Nikifukua, yatakufa."

"Basi mpaka utakapofukua, kwaya itaipumzisha sauti yako."

Hapo ndipo walipomgusa penyewe. Siku sita za juma Perpétue aliishi kwa Kiswidi cha kuokoteza, akiombwa kila mara arudie alichosema. Katika kwaya tu hakuna aliyemwomba arudie.

Jumapili iliyofuata alikwenda ibadani. Walikuwa wamemnyima jukwaa, benchi hawakumnyima. Akaketi safu ya mbele, kulia kwake patupu, kushoto kwake patupu, akaimba sauti yake ya pili kutoka pale pale alipokaa. Kwaya ilipoanzia juu mno, yeye alianzia panapostahili, na taratibu, mmoja mmoja, wakashuka kumfuata. Mzee Sébastien alikohoa. Jumapili nyingine akawa pale tena. Na nyingine.

Januari, trekta la kuzoa theluji lilikuja likaimwaga yote juu ya mashimo yake, kichuguu kirefu kumzidi kimo. Kila asubuhi alikitazama dirishani akinywa chai. Je, yasipoota? Ndipo alipoogopa hasa. Patakuwa na mlango, na mguu uliovunjika, na mashimo saba yasiyo na kitu cha kumtetea.

Jumamosi moja ya Februari alishuka na sepetu. Akakwangua theluji pembeni mpaka akaufikia udongo, akapiga mara moja. Chuma kililia, mkono ukamfa ganzi hadi begani. Angeweza kupiga tena. Alisimama pale, pumzi ikimtoka kama moshi, akagundua kuwa miezi yote hiyo alikuwa akiyangoja maua yaje kumtolea ushahidi, kana kwamba yeye mwenyewe hakuwapo alipoyapanda. Yaote, yasiote, alipanda maua. Akairudishia theluji kwa mguu, akapanda ngazi, akabandika maharage jikoni. Kesho yake aliimba kwa nguvu zaidi, na kwa mara ya kwanza bila kutazama ni nani anayemtazama.

Kichuguu kikanywea, kikawa cheusi kwa kokoto za barabarani. Mwisho wa Machi, asubuhi moja akienda kuwahi basi la kazini, alimkuta Alliance amechuchumaa kando ya mlango, mguu umeshapona.

"Mamma, titta! Krokus!" aliita kwa Kiswidi, mama yake aje aone maua.

Yalikuwa matano: manne ya zambarau na moja la manjano, madogo kama vidole vya mtoto, yamejipenyeza katikati ya kokoto na ganda la barafu lisilotaka kuondoka. Mama Alliance alisimama nyuma ya bintiye, shuka mabegani.

"Kumbe ni maua," alisema.

Perpétue alikuwa akiyahesabu.

"Sasa ma sœur, si ungesema tu?"

"Nilisema."

Mama Alliance akavuta shuka. Akatazama barabarani, akatazama viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo kikundi cha sala hakikuwahi kuisikia: "Huyu mtoto ameyapenda. Ikifika Novemba… utatupandia na sisi, pale chini ya dirisha letu?"

Basi lilikuwa limeshatokeza kwenye kona. Perpétue aliweka mkoba chini, akapiga magoti pale pale mlangoni, mchana kweupe, mbele ya madirisha yote. Udongo ulikuwa umevimba kidogo kwenye shimo la sita. Akaanza kuziondoa kokoto, moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza.