Mwizi wa Mazoezi

Mbwa ndiye aliyemtambua kwanza. Mzee alikuwa ameshapita kile kijimlango cha pembeni ya geti, mkwewe anamtangulia huku akijifuta mikono iliyolowa povu la kuoshea gari, na alikuwa ndiyo kwanza anauliza kama mtoto analala vizuri, aliposikia ubao ukipasuka nyuma ya nyumba. Akasimama. Kucha zilikwangua saruji, zikija mbio, bila kubweka hata mara moja. Moyo ukamwambia: huyu ni wa kwangu. Mbwa wa kawaida hubweka. Wa kwake walifundishwa kuja kimya.

"Si ulisema mchana anafungiwa?"

"Amefungiwa, baba," mkwe akasema. "Komeo nimelitia mwenyewe."

Miaka kumi na minane mzee huyu alikuwa mwizi wa kuajiriwa. Kampuni ya kulea na kuuza mbwa wa ulinzi ilimpa koti zito la turubai lililojazwa vipande vya magunia, na kila asubuhi akalivaa, akaruka ukuta wa mazoezi, akavunja dirisha la mbao lililotengenezwa ili livunjwe, akakimbia. Mbwa anaachiwa. Mbwa anamkamata. Mkufunzi anasema neno, mbwa anaachia, mwizi anajipangusa vumbi na kurudi ukutani kuanza upya. Wenzake walimwita Jambazi, na yeye, ambaye hajawahi kuchukua hata njiti ya kiberiti ya jirani, aliitika. Kazi mbaya si mchezo mwema. Nyumbani alisema anafundisha mbwa, basi, na binti yake akakua akiwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake ni mwalimu.

Sasa, kazi hiyo ina kanuni moja ambayo hata mfagiaji wa vibanda anaijua: mwizi abadilishwe. Leo awe mrefu, kesho mfupi, keshokutwa mnene mwenye kilemba, ili mbwa ajifunze kuchukia wizi na si kumchukia mtu. Mkurugenzi aliipenda sana kanuni hiyo. Aliiandika kwenye mkataba wa wateja kwa herufi kubwa, kisha akaajiri mwizi mmoja. Kwa hiyo mbwa zaidi ya mia mbili walitoka pale wakiamini kwamba uovu wote wa dunia una harufu moja, nayo ni ya mzee mmoja anayeoga kwa sabuni ya kufulia.

Mwenyewe alilijua hilo. Mji alikuwa ameugawa kichwani mwake, mitaa ya kupita na mitaa ya kutokanyaga, na ile ya pili ilikuwa ndiyo yenye miti na kuta ndefu. Marehemu mkewe alikuwa akimcheka. "Unavyozunguka, mtu atadhani unawakwepa wakwe." Naye anacheka pia, anazunguka.

Lakini mjukuu wa kwanza hazungukwi. Binti yake aliishi na mumewe katika chumba cha wafanyakazi, nyuma ya nyumba ambako mume alikuwa dereva, na siku tisa zilikuwa zimepita tangu ajifungue. Mzee aliuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, kama pale kuna mbwa. Yupo, binti akamwambia, jibwa jeusi, linaitwa Jenerali. Mzee hakumjua Jenerali yeyote. Aliamini alichotaka kuamini, akapiga shati pasi, akanunua blanketi la mtoto lenye ukingo wa kijani.

Jenerali akazunguka kona ya nyumba, na hakuwa Jenerali. Alikuwa Kiroboto. Lile sikio la kushoto lililochanika mzee alilikumbuka tangu jeraha likiwa bichi, yule mtoto wa mbwa aliyejaa viroboto hadi wakampa jina lao, ambaye mwezi wa kwanza aliogopa hata koti lenyewe.

Na wakati huohuo binti akatokea upande wa pili, kwenye kamba za nguo, mtoto kifuani, uso umemkunjuka kwa furaha. "Baba!" Kisha akamwona mbwa, akaanza kukimbia. Alikuwa anakimbilia katikati yao.

Mzee alijua kitakachofuata kwa sababu waliwahi kukifundisha pia. Anayesimama kati ya mbwa na mwizi ni mwenzake mwizi.

"Simama hapohapo!" akapiga ukelele. Kabla ukelele haujaisha alikuwa ameshajitupa chini kifudifudi, mikono ameitanua, viganja juu, pua kwenye changarawe. Mwizi aliyelala hivyo mbwa hamuumi, anamlinda tu. Kiroboto alifika, akasimama juu yake, miguu ya mbele pande zote mbili za shingo, ute ukimdondokea kisogoni, akinguruma kwa chini kabisa. Hata katika hofu ile mzee hakuweza kujizuia kumsifu: mbwa alikuwa amefundishwa vizuri.

"Usitikisike!"

Mwenye nyumba alikuwa ameshuka ngazi za baraza na bunduki mkononi. Miaka miwili nyuma watu waliingia nyumba hii, wakamfunga yeye na mkewe kwa kamba za viatu vyao wenyewe, wakakaa wanakula mezani kwake. Tangu hapo bunduki alikuwa anakwenda nayo hata chooni. Mtutu ulikuwa unatetemeka, na mtutu unaotetemeka unatisha kuliko uliotulia.

"Sitikisiki, bwana," mzee akasema ndani ya changarawe.

"Bosi, ni baba yangu!" Binti alikuwa ameganda pale alipoambiwa. "Amekuja kumwona mtoto tu!"

"Nyamaza kwanza." Hakuwa na ukali, alikuwa na woga. "Mbwa huyu yuko hapa mwaka wa pili. Amepita fundi bomba, wamepita wauza maziwa, wamekuja shemeji zangu ambao hata mimi nusura niwafungulie mbwa. Hajawahi kuvunja banda. Kwa nini leo? Kwa nini kwa baba yako?"

Basi mzee akasema. Lile ambalo hakulisema nyumbani miaka kumi na minane alilisema kifudifudi, mbele ya binti na mkwe, na kila neno lilimuuma kuliko jino lolote. Kwamba yeye si mwalimu. Kwamba kazi yake ni kuumwa. Kwamba mbwa hawa wanamjua yeye tu. Akaomba ruhusa, akavuta mkono wa shati taratibu, yakatokea makovu, mengine yamezeeka na kung'aa, mengine bado mekundu.

Mwenye nyumba akayatazama sana.

"Makovu ya mbwa," akasema. "Kwa hiyo leo si mara ya kwanza."

"Piga simu kwa kampuni, bwana. Mkurugenzi ananijua."

Akapiga, sauti akaifungulia wote wasikie. Mkurugenzi alikuwa mchangamfu mpaka alipoelezwa. Halafu kukawa kimya kidogo, kimya cha mtu anayehesabu wateja wake mmoja mmoja.

"Yule mzee namfahamu," sauti ikasema. "Anafagia vibanda. Wezi wetu wa mazoezi tunawabadilisha kila wiki, bwana mkubwa, mkataba unao. Mimi sipendi kumsema mtu vibaya. Lakini mbwa wetu hakosei. Ningekuwa mimi, ningemsikiliza mbwa."

Simu ikakatwa. Mzee alifumba macho. Kilichomuuma si uongo, bali jinsi ulivyotoka kwa urahisi, kama mtu anavyotema mbegu ya chungwa.

"Mwezi uliopita," mwenye nyumba akaanza, na sasa alikuwa hamtazami tena mzee, "pampu yangu ya maji iling'olewa pale kisimani. Mchana kweupe, mbwa yuko bandani. Nikajiuliza, nani nje ya hapa anajua saa ya kumfungia mbwa?" Akamgeukia dereva. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Bosi, naapa..."

"Mtafungasha leo. Leo hii."

Dereva akaanza kulia, kijana mzima, povu la gari bado kwenye viwiko. Kutoka pale chini mzee alikuwa haoni nyuso. Aliona kandambili za binti yake tu, na miguu iliyovimba kwa uzazi, imejaa mpaka mikanda imezama kwenye nyama. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Yeye hakuchuma chochote, na wa kwao wameshatandikiwa mkeka.

"Pampu niliichukua mimi," akasema.

Mwenye nyumba akageuka, mtutu ukamrudia mzee.

"Hawa hawajui kitu. Niliingia kwa ukuta wa nyuma. Nilikunja gunia mara nne nikaliweka juu ya vile vigae vya chupa, nikapanda pale kwenye kona, maana kwenye kona mguu unapata pa kukanyaga pande mbili. Ukishuka unatanguliza vidole, kisigino baadaye, ili usisikike. Nilisubiri mashine ya kufulia iwake. Mbwa alininusa akiwa bandani. Ndiyo maana leo amenijua."

Alieleza vizuri mno. Ulikuwa ustadi wa miaka kumi na minane, na ilikuwa mara ya kwanza kuna mtu anayemsikiliza. Kadiri alivyoeleza, mtutu ulitulia. Mwenye nyumba alivuta pumzi ndefu, akaonekana amepungua umri. Miaka miwili alikuwa anaogopa watu asiowajua sura, na sasa sura ameipata, ya kizee, imelala miguuni pake.

"Siku za mwizi arobaini," akasema, karibu kwa upole. Kwa ncha ya bunduki akaufungua mfuko uliomponyoka mzee alipojitupa chini na kulimwaga blanketi chini, akaligeuza huku na huku, akaliacha. "Kwa ajili ya huyo mtoto siiti polisi. Lakini nikikuona tena mtaa huu sitauliza swali. Inuka uende. Jenerali! Njoo!"

Mbwa hakusogea.

"Jenerali! Toka!"

"Sema 'Pumzika', bwana," mzee akamnong'oneza. "Useme mara moja tu, usipaze sauti."

"Pumzika."

Kiroboto akakaa kitako. Mwenye nyumba akamshika ukosi na kumpapasa kichwa, bila kujiuliza mwizi wa pampu amelijulia wapi neno hilo. Dereva aliinama haraka kuokota blanketi, akalikung'uta zaidi ya lilivyohitaji kukung'utwa. Alipomsindikiza mzee hadi getini hakumtazama.

"Pampu nzima, baba," akasema tu. "Na sisi tungekuwa wapi?"

Mzee alikuwa ameshavuka barabara aliposikia kandambili nyuma yake. Binti alikuwa ametoka na mtoto. Nyuma yake kijimlango kiliachwa wazi, na pale barazani mwenye nyumba amesimama, mkono mmoja kwenye ukosi wa mbwa.

"Ni kweli?" binti akauliza.

"Umetoka bila kujifunika. Upepo huu si mzuri kwa mzazi."

"Baba. Ni kweli?"

"Mna chumba," akasema. "Mtunze mtoto."

Binti akafungua kanga usoni mwa mtoto. Alikuwa macho, amekunja uso kwa hasira kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilo na maana. Mzee akataka kucheka. Alipangusa kidole kwenye suruali, akakisogeza, na mtoto akakishika, akakikaza ndani ya ngumi isiyo kubwa kuliko kifungo cha koti.

"Ana nguvu," mzee akasema.

"Ana nguvu sana."

Barazani mtu akakohoa. Binti aligeuka kutazama nyuma, akarudisha macho kwa mwanawe, na kwa mkono wake mwingine akaanza kuvifungua vile vidole, kimoja kimoja, akianzia kile cha mwisho.