Pasi Ndani ya Gari-Nyumba

Mwenye gari la kukodi alikuwa amemweleza vizuri: betri ni ya taa na friji tu, pasi isubiri umeme wa kambini. Bibi harusi akaitikia, "Nimeelewa," macho yote yako kwenye kitanda cha kukunja.

Mchana, njiani, alipiga pasi shati la mumewe. Taa zikazimika, friji ikanyamaza na insulini ya mama mkwe, waliyesafiri naye, ndani yake.

"Yule mwenye gari katupa gari bovu! Leo atanitambua," mume akafoka, akitafuta simu.

"Usimpigie. Ni mimi, na pasi yangu."

Mama mkwe akapapasa dawa. "Bado baridi. Twendeni kambini haraka. Na shati hilo, mwanangu, utalivaa wiki nzima!"

Mume akacheka. Bibi harusi alikunja waya wa pasi, hajui uso auweke wapi.