Vifua Dirishani

Fundi wa seva alikuwa amevaa sweta, maana chumba cha mitambo hukaa baridi hata jua likiwa la utosi, na alikuwa amefungua ukurasa wa mipangilio ya faili. Kupitia seva hiyo, kiwanda cha saruji kilichoko mbali, kule kilimani, kilituma faili zake makao makuu. Yeye ndiye aliyeamua faili ipi iingie, nani aisome, na nani awe na ruhusa ya kuifuta. Ni kazi ya bawabu, ila bawabu hupata hewa ya nje.

Mkurugenzi alisimama mlangoni.

"Picha za eksirei za wafanyakazi zikifika," alisema, "seva ijibu kwamba imepokea. Halafu izifute."

"Kwa nini, bosi?"

"Zinajaza nafasi."

Nafasi ilikuwa tele, na wote wawili walijua. Walijua pia kwamba mashine ya zahanati ya kilimani, ikishajibiwa kuwa picha imepokelewa, nayo hufuta ya kwake. Na kanuni ya kampuni ilijulikana na kila mtu: haondolewi mtu kwenye mtambo wa kusaga mawe mpaka daktari wa makao makuu aione picha ya kifua chake ndani ya seva. Kaka yake fundi, wa tumbo moja, alikuwa kwenye mtambo huo, na siku hizi alikohoa hata akicheka. Picha hupigwa mara moja kwa mwaka. Yake ilikuwa bado njiani.

"Hiyo siweki," fundi alisema.

"Basi nitaweka mwenyewe."

"Weka. Mkono wangu haumo."

Akaweka. Mchana huohuo kifua cha kwanza kikatokea kwenye dirisha la mapokezi.

Mlinzi alikipangusa kwa gazeti lenye maji, akaona hakitoki, kwa kuwa kilikuwa ndani ya kioo chenyewe. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, akaenda kufungua geti. Kufikia Ijumaa madirisha ya jengo zima yalikuwa yamejaa. Jua likipiga, mbavu za watu wa kilimani zililala juu ya meza za watu wa ofisini. Mhasibu alisogeza sahani yake ili asile chakula juu ya pafu la mtu, na wenzake wakamtania kwamba anachagua majirani. Zamu ya kilimani ilipobadilika, vioo vilikohoa. Watu walishika vikombe vyao visimwagike, wakaendelea na simu zao.

Mkurugenzi aliagiza mapazia, kisha akaagiza vioo vipya. Fundi wa vioo alivileta vikiwa safi, akavipachika, na kabla hajakusanya vifaa vyake, vioo vilikuwa vimeshajaa vifua.

"Kioo changu hakina kasoro, bosi," alisema. "Shida ni wapangaji."

Kaka alikuja Jumatatu, kwenye dirisha lililo karibu na meza ya fundi wa seva. Fundi alimjua kwa ubavu uliounga kombo tangu utotoni, kaka aliporuka ukuta wa jirani kumfuatia yeye, dada yake mdogo, mpira. Machozi yalimlenga, hasira ikayazuia. Akapiga simu.

"Kaka, umefika."

"Wapi?"

"Dirishani kwangu."

"Nimetokaje?"

"Vibaya. Upande wa kushoto ni ukungu mtupu."

Kaka alikohoa, kioo nacho kikakohoa. "Basi mwite daktari anione, mdogo wangu. Nimechoka na huu mtambo."

Daktari alikuja, akavaa miwani, akaangalia kwa makini. Hakuwa mtu mbaya.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. "Ingefaa atoke kwenye vumbi leo hii."

"Andika, daktari."

"Nitaandikaje? Kanuni inasema niione kwenye seva."

Fundi alilipiga picha dirisha kwa simu yake, akaingia chumba cha mitambo. Aliondoa amri ya kufuta. Penye majina ya wenye ruhusa ya kufuta hakuacha hata moja, si la mkurugenzi, si lake mwenyewe. Kisha akaingiza picha. Daktari aliifungua mezani kwake, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hii ni picha ya dirisha," alisema.

Mkurugenzi alikuwa na neno la siri linalopita yote. Alirudisha mipangilio yake, akamnyang'anya fundi ufunguo wa chumba, akamfuata mpaka mezani kwake mbele ya watu wote.

"Funga hilo pazia."

"Sifungi."

"Nimesema funga!"

"Kaka yangu anahitaji hewa," fundi alisema, akalifungua dirisha lote, likabaki wazi juu ya barabara.

Mhasibu aliinuka akafungua la kwake. Wengine wakafuata, ghorofa kwa ghorofa, mpaka jengo likawa limetoa vifua vyake vyote nje. Wapita njia walitazama juu, wakajua ni maradhi ya saruji, wakaenda zao.

Mkurugenzi akachukua simu kuuliza kilimani kama mtambo unakwenda. Aliambiwa unakwenda vizuri. Zamu mpya ndiyo ilikuwa ikipanda ngazi za mtambo, na kaka alikuwa mbele.