Mtoto Aliyelia kwa Edinah

…na chai inapoa mkononi, na huyu Cate wa chuo kikuu bado ananiangalia, simu yake mezani inanasa kila neno, anauliza tena, "Shosho Nyaguthii, unakubali sauti yako iwekwe wazi, watafiti wengine wa usalama wasikie wenyewe, wapime kama nimeandika ulivyosema?", eh, mimi tangu lini nikaogopa kusikika, Silibwet nzima inajua nani kaachwa na nani kwa mdomo huu huu, wacha wapime… lakini nimeropoka ile ya mtoto, utamu ulinizidi, umbea nilioufungia tumboni tangu uchaguzi ule wa vita… vijana wenye mishale getini, mbele yao Kipkirui, ndugu wa jirani yangu Edinah, tumbo moja kabisa, wanamtaka Mkikuyu, yaani mimi, na Edinah mlangoni, mikono kiunoni, "Rudini! Msichana wangu wa kazi alitoka kwao Ndanai na mimba, amezaa jana, mtaingia nyumba yenye kichanga?", na kwa mila yao mwanaume haingii nyumba ya aliyezaa, hata awe na mshale, na mimi chini ya blanketi nikalia nyaaa, nyaaa, bibi mzima na meno yangu… wakaondoka, kesho yake Kipkirui akaleta maziwa, ikabidi aambiwe mtoto hakuishi, akaketi kwenye nyasi akalia, mishale hakuishika tena… "Nitabadilisha majina, shosho, nitamwita jirani tu," jirani, hehe, kasichana haka, nani hapa hajui usiku ule nililala kwa nani, na Kipkirui bado anamkatia dadake nyasi za ng'ombe, bado anamtaja yule mtoto, akisikia kwamba kichanga alichokililia kilikuwa mimi, atavuka tena ua wa dadake?… basi Cate afute hiyo ya mtoto? hapana, akifuta watauliza huyu mzee aliponaje, watajaza wenyewe, watasema Edinah alihongwa… aandike hivi, hapa pana maneno, yamefungwa, ufunguo ako nao Edinah, aulizwe yeye kwanza, mahali pamefungwa na pamesemwa pamefungwa, huo si uongo… mengine yote wazi, na jina langu, wasikate hata kicheko… ile kofia ya bluu kwa majani chai huko chini ni ya Edinah, anachuma, hajui tunamshika midomoni… "Shosho, unakubali?", chai imeshika utando, namwonyesha Cate ile kofia kwa kidole, na umbea wangu mtamu kuliko wote, kumbe haujawahi kuwa wangu.