Ramli ya Kapteni Ghati

Kambini Kibondo programu ile ya kupigia hesabu safari za malori waliiita ramli. Kapteni Ghati akipita na kompyuta yake kwapani, askari walinong'onezana, "Mganga huyo." Ana hasira za karibu mwanamke yule, lakini safari hii alizimeza. Meja Shamsi, mkuu wake, alishatamka: msafara wa majaribio ukienda kama kompyuta inavyodai, ndiyo itakayopanga chakula na mafuta ya askari wote walioko mpakani. Ukikwama, Ghati arudi stoo kuhesabu magunia.

Basi akaiendesha safari kwenye kompyuta mpaka malori yakamwingia ndotoni. Humo ndani alinyesha mvua, akapasua matairi, akabomoa madaraja. Kila mara malori yalitoka Kibondo yamejaa, yakapita Kasulu, yakashusha kwa askari kule Kitanga, yakarudi matupu na dizeli ikatosha. Akawapimia madereva dizeli hiyohiyo, bila tone la ziada. Mbishi huyo, usiombe.

Kwenda kulikuwa safi. Askari wa Kitanga walipata chakula chao kwa wakati. Wakati wa kurudi, Koplo Pasikali, dereva wa lori la mbele, akapiga simu: dizeli imekata mlimani, Kibondo wanaiona kwa macho.

Ghati akaenda na Meja mpaka huko mlimani.

"Dizeli umeuza, Pasikali?" Ghati akauliza.

"Sijauza, afande. Gari ni zito."

"Zito la nini, na mzigo mmeshusha?"

Pasikali akafunua turubai taratibu. Jamani, mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, maparachichi, madumu ya mawese, na kila mzigo umeandikwa jina la mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Nani apite soko la Kasulu arudi hivihivi, na kambi nzima imemwagiza?

Meja akaanza kufoka. "Gari la jeshi hili! Gunia hilo kubwa la nani?"

"La mama Shadia, afande."

Mama Shadia ni mke wa Meja. Meja akakohoa, akatazama milima.

Ghati angecheka, ila macho yake yalikuwa yameangukia dumu la njano lenye jina lake. Alimwagiza Pasikali asubuhi ileile, kwa mdomo wake mwenyewe. Aibu ikamshika.

"Ramli yako haikuliona hili?" Meja akauliza.

"Programu haikujua, afande. Mimi nilijua."

Meja akalifunika gunia la mkewe kwa turubai. "Basi ifundishe. Ukikwama tena, stoo."

Ghati akaongeza kitu kimoja tu kwenye programu: mizigo ya nyumbani. Alipoiendesha upya, malori yakakwama mlimani palepale alipokwama Pasikali. Ramli sasa ilisema kweli; alifurahi mpaka akajishangaa.

Akawaongezea madereva dizeli ya mizigo hiyo, na msafara wa pili ulirudi salama na dizeli ikabaki. Ramli bado wanaiita ramli. Ila siku hizi kabla ya safari wanajipanga mlangoni kwake: "Afande, na mimi nitie humo, debe moja tu la maharage." Wa kwanza kwenye mstari ni Meja.