Funda la Kwanza la Kasiksi

Mume wangu Constantin hupika pombe mara moja tu kwa mwaka, mtama mpya ukishavunwa, na akipika majirani wote hunusa. Ni kasiksi, pombe ya ndizi tuliyokuja nayo kutoka Kivu, Kongo, hadi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Wengine huipenda tamu. Yeye huukaanga mtama mpaka ukaribie kuungua, ndipo auchanganye na maji ya ndizi, pombe iwe chungu. Tamu, husema, ni uji wa wagonjwa. Mimi nilikuwa shemasi wa kanisa linalokataza pombe, sikuwa nimewahi kuigusa, na nilikuwa nimeisema vibaya hadharani miaka yote.

Mwaka 2011 binti yetu Grâce, aliyekuwa akishona nguo Mbarara, alichumbiwa na Meddy, mtoto wa Sajenti Tumusiime wa kambi ya jeshi ya hukohuko. Wakwe wakapanga kuja kwetu kumchukua. Mwezi huohuo daktari wa zahanati ya Base Camp, hapa Nakivale, akamwambia Constantin kwamba ini lake limechoka: asiguse pombe hata funda moja, la sivyo tujiandae kumzika. Nililia, kisha nikamkasirikia kwa kutonisikia ujana wake wote.

Lakini pombe ya harusi ya bintiye angempa nani aipike? Alifuata ndizi soko la Rugaaga, akazivundika, akazikamua, akakaanga mtama wake. Ilipoiva, akakaa mbele ya mtungi na kikombe kitupu.

"Mama Grâce, onja kidogo tu, uniambie kama uchungu inafika."

"Yesu alinitoa mu zambi, weye unanirudisha na kikombe?"

Aliinusa tu, akafunika, na mimi nikaona huruma nisiyotaka kuiona.

Wageni walifika Jumamosi. Tuliazima viti vya kanisa, kwa hiyo Mchungaji Appolinaire naye alikuwepo, mbele kabisa. Kibuyu kikaletwa mbele ya Tumusiime. Hakukigusa. Kwetu, na kwao vilevile, mwenye pombe hutangulia kunywa watu wakiona, ijulikane haina sumu. Nilikuwa nimehangaika na kuku, sahani na turubai, na hilo nikalisahau kabisa.

"Mzee, sisi nangoja wewe," Tumusiime alisema akitabasamu. "Wewe naanza, sisi nafuata."

Topista, shangazi yake Meddy, hakutabasamu. Alikuwa ameshasikia mengi kuhusu Wakongo na sumu. Tungesema mwenye nyumba anaumwa? Mwenye sumu angesema hivyohivyo, na Grâce angebaki nyumbani na gauni lake.

Constantin alimtazama binti yake, akanyoosha mkono, akakishika kibuyu. Namjua yule mwanamume. Angekunywa, angecheka, na angekufa taratibu bila kumlaumu mtu. Nikainuka, nikamnyang'anya.

"Hii pombe ni ya nyumba yetu," nikasema, "na miye ndio mama ya nyumba." Nikanywa.

Sikudonoa, nilimeza funda zima. Ule uchungu ulinikaba koo, nikadhani kweli ni sumu. Kisha ukalegea, ukaacha moshi na ndizi mbivu, na ladha nyingine nzuri nisiyoijua jina, nzuri mpaka ikaniudhi. Kumbe hiki ndicho alichokuwa akikitengeneza miaka yote, nami nikimfokea kutoka mlangoni! Machozi yakanitoka. Mchungaji akatazama viatu vyake. Tumusiime akapokea kibuyu, akanywa, akapiga paja kwa furaha, na Topista akanywa akaomba tena.

Constantin akanishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya. "Inafika?"

"Inafika," nikamwambia. "Inapita hata."

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, wanapokaa waliotengwa: hakuna meza ya Bwana, hakuna kwaya, hakuna ushemasi. Nilijua itakuwa hivyo, lakini iliniuma, hasa kwaya ilipoanza wimbo ambao kwa kawaida nauongoza mimi. Nikiwa nimeinama, mtu akajibana kando yangu na koti lake la safari. Constantin hakuwa ameingia kanisani tangu tuvuke mpaka.

"Unatafuta nini huku?" nikamnong'oneza.

"Pombe ilikuwa yangu," akasema. "Azabu nayo tugawane."

Nikasogea, apate nafasi.