Mikono ya Kidoti

Kidoti, mtoto wa miaka sita mwenye usonji, hakuwa akizungumza, lakini kliniki alijua kuomba. Mtaalamu wa usemi alimfundisha kuchukua kadi yenye picha ya maji na kumpa mtu mkononi. Maji yalikuja papo hapo. Mama naye alifundishwa kazi ngumu zaidi: kusubiri, asimpe kitu kabla hajaombwa.

Nyumbani kadi hazikufua dafu. Mama alishinda kiwandani akishona sare, Kidoti akabaki na mama mkubwa, dada yake mama. Kila jioni dada huyo alisema lilelile: "Leo hata kuzigusa hakutaka."

Basi mama akaenda kliniki na Kidoti kuaga, dada akawasindikiza.

"Nimwone mara ya mwisho," mtaalamu alisema, akamkabidhi dada kikombe cha maji. "Leo kadi pokea wewe."

Kidoti alichukua kadi, akainyoosha hadi nusu ya njia, kisha akaidondosha na kuvikalia viganja vyake.

"Akikuletea kadi huwa unafanya nini?" mtaalamu aliuliza.

"Namshika mikono mpaka aseme. Sisi ukoo wa domo, leo mtoto wetu aombe maji kwa karata? Mtamfanya bubu!"

"Kadi haizuii usemi. Inamwonyesha kwamba akiwasiliana anapata."

Mama alikuwa akimtazama dada yake. "Uliniambia hazigusi."

"Ningekwambia ukweli ungenikubalia?"

"Nimekuja kumtoa hapa, dada. Kwa maneno yako."

"Mdogo wangu, wewe nilikulea mimi. Ulisema vizuri, na mpaka leo hunyamazi!"

Hakuna aliyecheka. Mtaalamu alitoa kadi mpya, picha ya kiganja kilichoinuliwa: sitaki. Alimsogezea Kidoti sega, kitu asichokipenda, akamwelekeza kuitoa kadi, akaondoa sega mara moja. Wakarudia mpaka Kidoti akaitoa bila kuelekezwa.

"Haya, yameisha," dada alisema, akamshika Kidoti mkono. "Njoo kwa mama mkubwa."

Kidoti aliichukua kadi kwa mkono uliobaki. Ilisimama hewani. Mama alitaka kumsaidia, akajizuia. Kadi ikatua kwenye kiganja cha dada.

"Ndiyo nini hii?"

"Umeiona. Mwachie," mama alijibu.

Dada alimwachia.

"Na kesho usije," mama aliongeza.

"Atakaa na nani?"

"Sijui bado. Si wewe."